Maji ya mwerebi: msaada kwa vikonyo vya bustani, na tahadhari kwa kingo za mito yetu

Mwananchi wa Matema hahitaji kuelezwa kwamba ardhi ya mwambao huu inaotesha. Kijiti cha mhogo kilichochomekwa uani kwa ajili ya kuanikia nguo huchipua kabla mwenyewe hajakumbuka kukiondoa, na marando ya viazi vitamu yaliyotupwa kando ya shimo la taka hutambaa yenyewe. Hata hivyo, mtu yule yule ambaye mihogo humwotea bila kubembelezwa anaweza kukata vijiti ishirini vya waridi au vya bogenvilia, akavipanda kwa uangalifu, akavimwagilia asubuhi na jioni, na baada ya wiki tatu akang'oa vijiti ishirini vyeusi vilivyooza upande wa chini.

Swali ambalo limekuwa likiulizwa ofisini na barazani ni hili: je, ni kweli kwamba maji yaliyolowekwa matawi ya mti uitwao mwerebi huvifanya vijiti vya namna hiyo viote mizizi? Jibu fupi ni kwamba yanaweza kusaidia, kwa kiasi, na kwa baadhi ya mimea tu. Jibu refu linahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa linagusa pia matumizi ya panga, ugonjwa wa mihogo, na usalama wa kingo za mito ya Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe.

Kabla ya kuendelea, neno moja lifafanuliwe. Kipande cha tawi kinachokatwa ili kioteshwe kiwe mche tutakiita kikonyo, kama wanavyokiita wakulima wa kahawa wanaozalisha miche kwa njia hiyo. Kwa mhogo na muwa, neno pingili limezoeleka, nalo lina maana ile ile.

Mwerebi ni mti gani

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana na jina hili, kwani mierebi hutajwa humo kuwa miti ya vijito na mifereji ya maji. Ukoo wake ni mkubwa na sehemu kubwa ya miti hiyo huishi katika nchi za baridi, lakini Afrika nayo ina mwerebi wake wa asili, unaopatikana kandokando ya mito kuanzia Misri hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa mimea huuita Salix mucronata, na aina yake ya Afrika Mashariki huandikwa pia Salix subserrata. Ni kichaka kikubwa au mti wa wastani, mara nyingi wenye urefu usiozidi mita kumi. Majani yake ni membamba na marefu, yanayong'aa upande wa juu na kufifia upande wa chini, na kingo zake zina vijimeno vidogo ambavyo huonekana vizuri zaidi jani likishikwa dhidi ya mwanga. Vitawi vichanga huelekea wekundu. Miti dume na miti jike husimama mbalimbali, na mbegu za mti jike hupeperuka zikiwa na manyoya meupe mithili ya pamba.

Maelezo haya yametolewa kwa kirefu kwa sababu majani membamba peke yake si ushahidi. Mkaratusi una majani membamba, nao haufai kabisa kwa kazi hii. Katika viwanja vya ofisi na nyumba za wageni hupandwa mti wenye matawi yanayoning'inia na maua mekundu yafananayo na brashi ya kuoshea chupa. Wengi huudhania kuwa mwerebi, nao sio. Hatari zaidi ni kile kichaka cha ua chenye majani membamba yanayong'aa, maua ya njano ya umbo la kengele na utomvu mweupe kama maziwa. Kichaka hicho ni sumu kali kwa binadamu na mifugo. Mwerebi hautoi utomvu mweupe. Kwa hiyo, tawi ulilovunja likitoa maziwa, litupe na unawe mikono.

Kwa nini mti huu na si mwingine

Tabia ya kwanza ya mwerebi inaonekana kwa macho. Tawi lake likivunjwa na maji ya mafuriko, likabebwa na kutupwa kwenye matope, huota. Ndani ya gome la vitawi vyake tayari kuna vichipukizi vya mizizi vilivyojiandaa, vinavyosubiri unyevu tu. Wakulima wa bustani katika nchi nyingi waliona jambo hili tangu zamani wakajiuliza kama nguvu hiyo ingeweza kuazimwa na mmea mwingine.

Sayansi ilichelewa kufika, lakini ilifika. Katika miaka ya 1920 mtafiti wa Uholanzi, Frits Went, alithibitisha kwamba mimea huongozwa katika ukuaji na kemikali maalumu, ambayo sasa huitwa oksini. Katika miaka ya 1930 ilibainika kuwa oksini ndiyo inayoamrisha kikonyo kutoa mizizi, na tangu wakati huo unga wa kuoteshea mizizi unaouzwa katika maduka ya pembejeo umetengenezwa kwa oksini ya aina hiyo, hasa ile iitwayo asidi ya indolibutiriki. Mwaka 1970 mtafiti Makoto Kawase alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya mwerebi mweupe wa Ulaya. Alichukua maji yaliyotokana na vitawi vyake na kuyapima kwa vikonyo vya choroko, akakuta kwamba ndani yake kuna vitu vinavyochochea mizizi, na kwamba vitu hivyo hufanya kazi vizuri zaidi vikikutana na oksini.

Kitu cha pili kilichomo ni jamii ya asidi ya salisiliki, jina lililotokana na Salix, jina la Kilatini la mwerebi. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Ujerumani alitenga kutoka gome la mti huu kitu kichungu alichokiita salisini, na mwishoni mwa karne hiyo, mwaka 1899, kampuni ya Bayer ilianza kuuza dawa ya Aspirin, iliyo ya jamii hiyo hiyo. Katika mmea, asidi hii ni sehemu ya kinga dhidi ya vimelea vya magonjwa. Hapa ndipo watu wengine hukimbilia njia ya mkato wakasaga vidonge vya asprini na kuvikoroga katika maji ya kumwagilia. Hatushauri. Kiasi kikizidi kidogo, asidi hiyo huzuia mizizi badala ya kuichochea, na dawa ni ya mgonjwa.

Sasa upande wa pili wa mizani. Majaribio yaliyofanywa juu ya maji ya mwerebi katika mimea mbalimbali hayakutoa jibu moja. Mimea mingine ilinufaika na mingine haikuonesha tofauti na maji ya kawaida. Sababu moja inaeleweka: unga wa dukani una kiasi kinachojulikana cha oksini, ilhali chungu cha nyumbani hutegemea umri wa kitawi, msimu, na kiasi cha maji kilichotiwa. Ifahamike pia kwamba vikonyo vingi vilivyokatwa vizuri na kuwekwa kwenye unyevu na kivuli huota kwa maji matupu. Anayesema maji ya mwerebi yamemwoteshea marando ya viazi hajathibitisha chochote.

Namna ya kuyatengeneza

Chagua vitawi vichanga vya mwaka huu, vyenye unene usiozidi penseli. Gome la shina kuu lisiguswe, kwa kuwa kubandua gome huua mti na hakuongezi chochote. Ondoa majani yote, kisha katakata vitawi katika vipande vya urefu wa kidole gumba. Vikombe viwili vilivyojaa vipande vinatosha kwa maji lita nne.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuchemsha maji, kuyaepua, kuyamimina juu ya vipande na kufunika chombo hadi kesho yake. Vipande visichemshwe pamoja na maji jikoni. Ya pili ni kuloweka katika maji ya baridi kwa siku tatu hadi tano mahali penye kivuli. Njia ya kwanza ni ya haraka na inapunguza ukungu. Kwa joto la Matema, ambako maji yaliyotuama huanza kunuka mapema, ndiyo tunayoipendekeza. Baada ya hapo chuja kwa kitambaa safi. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu.

Chombo bora cha kuhifadhia si lazima kitoke mbali. Chungu cha udongo, kama vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa katika soko la Lyulilo, hutunza ubaridi kuliko ndoo ya plastiki. Mwandishi wa makala hii, katika jaribio lake la kwanza, alitumia chupa ya kioo iliyowekwa dirishani kwa sababu ilipendeza. Jua la saa nane lilifanya kazi yake, na siku ya tatu familia nzima iliomba chupa iondolewe. Maji yaliyofunikwa na kuwekwa mahali pa baridi yatumike ndani ya wiki moja. Yakianza kunuka au kutoa utelezi, yamwagwe.

Chombo kiandikwe jina na kiwekwe mbali na watoto. Haya si maji ya kunywa wala si dawa ya homa, hata kama yana undugu na asprini, na yapo madhara kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo au anayedhurika na asprini.

Kuhusu matumizi, simamisha vikonyo ndani ya maji hayo, sehemu ya chini ikizama kiasi cha vidole vitatu, kuanzia jioni hadi asubuhi, kisha vipande. Maji yanayobaki yanaweza kumwagiliwa mara moja au mbili juu ya udongo wa vikonyo hivyo hivyo.

Kikonyo chenyewe ndiyo kazi

Ikiwa msomaji atakumbuka sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii, maana wengi hupoteza vikonyo kwa kisu na kwa jua, wala si kwa kukosa mwerebi.

Kata asubuhi mapema, mmea ukiwa umejaa maji. Tawi liwe limekomaa nusu: lisiwe la kijani linalopinda kama uzi, wala lisiwe la kahawia gumu la miaka mingi. Urefu wa sentimita 15 hadi 20, wenye vifundo vitatu au vinne, unatosha. Mkato wa chini uwe wa mshazari, chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Majani ya chini yaondolewe yote. Ya juu yabaki mawili au matatu, nayo yakatwe nusu ili yasipoteze maji. Maua na vitumba viondolewe bila huruma. Kisu kiwe kikali, na kati ya mmea mmoja na mwingine kifutwe kwa dawa ya kufanyia weupe nguo iliyochanganywa na maji, au kipitishwe motoni.

Udongo mweusi wa bondeni ambao mpunga huupenda haufai kwa kikonyo, kwa kuwa hushika maji na kunyima hewa. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa nusu kwa nusu na makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi yakawa meusi, lakini si majivu. Kyela haina upungufu wa makapi ya mpunga. Hutupwa kwa magunia kwenye mashine za kukobolea, na wachache hufahamu kwamba yakichomwa hivyo ni miongoni mwa vitu bora vya kuoteshea, kwa sababu hupitisha hewa na moto umekwisha kuua vimelea. Jaza mchanganyiko katika viriba vilivyotobolewa chini, zamisha theluthi moja ya kikonyo, shindilia kwa vidole, kisha mwagilia.

Kikonyo hakina mizizi ya kunywea maji, bali majani yake yanaendelea kupumua. Kazi yako kwa wiki tatu hadi sita ni kuzuia kisikauke kabla ya kupata mizizi. Jenga kichanja cha makuti kitakachopunguza jua, na funika viriba kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, iliyoinuliwa kwa fito ili isiguse majani. Ifunue kidogo kila siku ili hewa ibadilike. Mwezi wa Aprili, wakati mvua za huku zinapokuwa kubwa kuliko wilaya nyingi za nchi yetu, hatari hugeuka, na kinachoua huwa ni uozo. Kwa hiyo anayeweza kusubiri aanze mvua zinapopungua, au mwanzoni mwa msimu kabla hazijakolea.

Usivute kikonyo kutazama kama kimeota. Kila anayefundishwa kazi hii huvuta, na kila anayevuta hukata vimizizi vilivyokuwa vimeanza. Kigusie kwa kidole kimoja: kikishikilia, kimeota. Majani mapya peke yake si dalili ya kutosha, kwa sababu kikonyo kinaweza kuchipua kwa akiba yake kisha kikafa.

Mimea inayofaa na isiyofaa

Maji ya mwerebi yatumike kwa mimea ya katikati, ile inayoota lakini kwa shida: waridi, bogenvilia, asumini, rosemari, mtini, mzabibu na pilipili manga. Mihogo, matembele na maua ya haibiskasi hayahitaji. Mchikichi, mnazi na mgomba haviwezi kuzalishwa kwa vikonyo vya matawi hata ukivilaza mwezi mzima ndani ya chungu, na mwembe, mparachichi na mchungwa huzalishwa kwa kubebesha.

Kakao inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo inayolipia ada za shule katika kaya nyingi za wilaya hii. Ni kweli kwamba mkakao unaweza kuoteshwa kwa vikonyo. Watafiti wa Trinidad walifanya hivyo tangu miaka ya 1930. Walitumia vyumba maalumu vya unyevu na oksini ya kipimo. Tena, kikonyo kilichotoka kwenye tawi la pembeni hukua kikitambaa kama kichaka, bila shina lililosimama kama la mche wa mbegu. Mkulima asibahatishe shamba lake kwa maji ya mwerebi. Apande miche ya mbegu au ya kubebesha kutoka chanzo kinachotambuliwa, na akumbuke kuwa mbegu ya kakao iliyotolewa katika tunda hufa ikikauka, hivyo ipandwe ndani ya siku chache.

Jambo zito zaidi ni ugonjwa. Maji haya hayatibu pingili yenye virusi. Batobato na michirizi kahawia ya mihogo husafiri ndani ya pingili kutoka shamba hadi shamba, na michirizi kahawia imefahamika katika nchi yetu tangu miaka ya 1930. Ugonjwa huu ni mdanganyifu: shina na majani vinaweza kuonekana vya kawaida huku mihogo chini ikiwa na madoa makavu ya kahawia yasiyolika. Pingili kama hiyo ikilowekwa katika maji ya mwerebi itaota vizuri, na ndipo hasara inapoanza, kwa maana umeupa ugonjwa mizizi mipya. Kabla ya kukata pingili, ng'oa shina moja au mawili, kata mihogo yake na uitazame ndani.

Panga na ukingo wa mto

Mierebi ya asili husimama pale ambapo inafanya kazi tusiyoilipia. Mizizi yake hufunga udongo wa ukingo. Wakazi wa vijiji vya bondeni wameona mito inayoshuka kutoka Rungwe na Milima ya Livingstone ikijaa ghafla, ikikata kingo na kubadili njia, ikaondoka na kipande cha shamba la mpunga usiku mmoja. Ukingo uliobaki na miti huliwa polepole kuliko ukingo mtupu. Ingekuwa hesabu mbaya iwapo habari ya maji ya kuoteshea waridi ingewapeleka watu mtoni na mapanga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa maeneo hayo. Kuchuma vitawi kumi kutoka mti mkubwa si kuuharibu, lakini kuukata mti ili kupata vitawi kumi ni kosa, na kuuza mafungu ya vitawi sokoni kutaleta kosa hilo haraka.

Ipo njia ambayo haimnyimi mtu maji yake wala mto miti yake. Badala ya kukatakata vitawi, chuma fimbo tano au sita za urefu wa mkono, zisimamishe ndani ya chungu cha maji pamoja na vikonyo vya bustani, zote zikiwa kivulini. Maji yabadilishwe nusu kila baada ya siku tatu. Fimbo za mwerebi zitaanza kutoa mizizi myeupe ndani ya wiki chache, zikiachia maji hayo kile zinachokiachia. Vikonyo vikishahamishiwa kwenye viriba, fimbo hizo zirudishwe mtoni na kuchomekwa kwenye ukingo wenye unyevu, theluthi mbili zikizama ardhini, karibu na mti zilikotoka. Kwa maneno mengine, aliyechuma sita anarudisha sita, zikiwa na mizizi tayari. Mierebi ya kigeni iliyoletwa kwa mapambo isipandwe mtoni; katika nchi kama Afrika Kusini mierebi ya kigeni imeenea kandokando ya mito na kuwa kero.

Kwa anayetaka kujua kama juhudi hii ina faida katika bustani yake, jaribio ni rahisi. Akate vikonyo ishirini kutoka mmea mmoja, siku moja. Kumi avilaze usiku katika maji ya mwerebi, na kumi katika maji ya kisimani. Avipande katika mchanganyiko mmoja, chini ya kichanja kimoja, akiweka alama kwenye viriba, na baada ya wiki sita ahesabu. Mwenye mwerebi asioutambua kwa hakika apeleke kitawi chenye majani kwa afisa ugani, ambaye hupatikana kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata. Kitawi kifungwe katika jani la mgomba lililoloweshwa, ili kifike kikiwa bado kibichi.